Bima ya mbwa haitatuokoa na bili za vet, angalau sio kwa sasa

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, neno bima haliishi midomoni, na sasa limehamia kwenye magrupu ya WhatsApp ya sisi tunaofuga mbwa na paka hapa Dar. Mtu anaposti picha ya mbwa yuko kwenye dripu, chini anaweka namba ya kupokea michango, watu wanatuma elfu tano elfu kumi, halafu bila kukosa anatokea mdau anaandika "wenzetu Ulaya mbwa wana bima, sisi lini?" na watu wanaweka vidole gumba mia. Naelewa uchungu wake. Ila nadhani tunaisoma vibaya hali yetu. Bili nyingi zinazotutoa jasho hapa mjini sio za aina ambayo bima inaziweza, ni za magonjwa ambayo yangezuilika kwa chanjo na dawa ya kupe, na za bei ambazo hatukuuliza mapema. Bima ina sehemu yake, nitaifikia, lakini ni ndogo kuliko tunavoota, na mtu akiikimbilia leo akaacha yale mengine ataishia kulipa mara mbili.

Tuanze na bili zenyewe maana watu wanaongea bima kama vile wote tunaumwa ugonjwa mmoja. Ukikaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya wanyama kuanzia Mikocheni mpaka Mbezi Beach utaona vitu vile vile vinajirudia. Kuna vitoto vya mbwa vina parvo, ugonjwa wa virusi, vinatapika na kuharisha damu, vinahitaji dripu siku kadhaa na vingine havitoki. Kuna ugonjwa wa kupe, mbwa amepauka fizi hali chakula, na hapa kwetu joto na unyevu ni mwaka mzima kwahiyo kupe hawana likizo. Kuna jike ambaye hajafungwa kizazi, umri umeenda, kizazi kimejaa usaha na lazima apasuliwe leo leo. Kuna aliyegongwa na bodaboda. Na kuna hii ya kwetu sana, mbwa wa ulinzi wa Goba au Kibada aliyerushiwa nyama yenye sumu usiku na wezi. Ukiangalia hiyo orodha, parvo ina chanjo, inaanza kitoto kikiwa na wiki sita mpaka nane na inarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka kifikishe wiki kumi na sita hivi. Kupe wana dawa. Usaha wa kizazi unazuilika kwa kumfunga jike kizazi mapema, yaani kukitoa kabisa. Yaani kinachobaki ambacho kweli ni bahati mbaya, ambacho hata ungefanyaje kingeweza kukukuta, ni ajali, sumu, tumbo kujisokota kwa mbwa wakubwa wenye vifua virefu kama German Shepherd, na saratani za uzeeni. Bima yoyote duniani inafanya kazi vizuri kwenye kundi hili la pili, yale ya nadra na mazito. Kwenye kundi la kwanza inachofanya ni kukusanya hela yako na kukurudishia ikiwa imepungua.

Kuna mkanganyiko mwingine inabidi tuutoe njiani. Watu wanasema bima ya wanyama tayari ipo Tanzania, na ni kweli, ipo bima ya mifugo, na mwaka 2023 kampuni za bima ziliungana kwenye konsotia ya bima ya kilimo, TAIC, ambayo inahusika na mazao na mifugo. Lakini ile imejengwa kwa hesabu tofauti kabisa. Bima ya ng'ombe inaangalia ng'ombe ana thamani gani sokoni, akifa kwa sababu zilizotajwa kwenye mkataba mfugaji analipwa thamani hiyo au sehemu yake, basi. Kampuni inajua ng'ombe wa maziwa anauzwaje, inajua kwa wastani wanakufa wangapi, inapiga hesabu. Mbwa wako wa rangi ya udongo uliyeokota Tabata akiwa kitoto thamani yake sokoni ni sifuri. Wewe hutaki kulipwa akifa, unataka kulipiwa ili asife, na hicho ni kitu kingine, hiyo ni bima ya matibabu. Inahitaji madokta wanaotunza rekodi, bei zinazojulikana, na namna ya kuthibitisha kwamba huyu mbwa aliyetibiwa ndo yule yule aliyekatiwa bima, sio wa jirani. Kwahiyo mtu akikwambia "si wapanue tu ile ya ng'ombe" mwambie haipanuki kirahisi hivo.

Huko tunakotolea mifano wameanza zamani. Uswidi mbwa wa kwanza alikatiwa bima mwaka 1924, Uingereza 1947, kwahiyo wana karibu karne nzima ya rekodi za mbwa gani anaumwa nini akiwa na umri gani. Na hata kwao mkataba wa kawaida hausemi "tutalipa kila kitu." Unasubiri kwanza, mara nyingi wiki mbili kwa ugonjwa na siku chache kwa ajali. Ugonjwa uliokuwepo kabla haulipwi. Kila madai kuna kiasi cha mwanzo unabeba mwenyewe, na mbwa akizeeka unaongezewa asilimia ya kuchangia, kumi, ishirini. Kuna kikomo cha mwaka. Na mara nyingi wewe unalipa kliniki kwanza halafu unadai urudishiwe, jambo ambalo kwenye grupu zetu sijawahi kuona likitajwa, maana anayechangisha saa nne usiku tatizo lake ni kwamba hana hela SASA HIVI, kurudishiwa baada ya wiki tatu hakumsaidii lolote getini.

Sasa upande wa wanaoitaka bima, na sio watu wajinga. Hoja yao kubwa, na mimi naikubali, ni kwamba kuna bili ambayo akiba ya mshahara wa kawaida haifiki. Jirani yangu mama mmoja wa makamo, mbwa wake alivimba tumbo usiku, akaambiwa apasuliwe kabla ya asubuhi, na ile hela aliyotajiwa ilikuwa zaidi ya ada ya mtoto ya muhula. Alisimama pale na ufunguo wa gari mkononi anapiga simu kwa mashemeji. Hakuna kibubu kingemtoa pale kama ndo kwanza alikuwa ameanza kuweka. Bima inamlinda mtu wa mwezi wa pili sawa na mtu wa mwaka wa tano, na hiyo ni faida ambayo akiba haina. Hoja yao ya pili ni ya madokta wenyewe, kwamba vet anayejua bili italipwa anatibu kwa utaalamu wake wote, wakati asiyejua analazimika kupima mfuko wako kabla ya kumpima mbwa, na mara nyingine anamchoma sindano ya kumpumzisha milele mnyama ambaye angepona. Hilo linawaumiza wao pia. Hizi hoja mbili ni nzito na sitaki kujifanya hazipo.

Tatizo ni kwamba ili huyo mama alipiwe usiku ule, lazima kuwe na maelfu ya watu wanaolipa mwaka mzima na mbwa wao wazima. Na sisi tuna mfano wa nyumbani kabisa wa nini kinatokea wakizidi walioumwa. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, ilikuwa 50,400 kwa mwaka, kwa mtoto, bei ambayo ukilinganisha na bili moja ya wodini ni kama bure. Mwaka 2023 mfuko ukasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, na sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba wazazi wengi wanamkatia mtoto akiwa tayari anaumwa. Hao ni watoto wetu, tunaowapenda kuliko chochote, na bado tulisubiri mpaka homa ipande ndo tukimbilie kadi. Nani anaamini kwamba kwa mbwa tutakuwa na nidhamu zaidi? Chukua hesabu ya kubuni kabisa. Mbwa 1,000, kila mwenye mbwa analipa laki moja kwa mwaka, inapatikana milioni 100. Ofisi, mawakala na uchunguzi wa madai vile milioni 30, inabaki 70. Bili ikiwa laki nne kwa wastani, zinalipika bili 175, sio mbaya. Sasa badala ya 1,000 wakajiunga 200 tu, wale ambao mbwa wao walishaanza kukohoa, na 120 kati yao wakaleta bili mwaka huo huo. Hiyo ni milioni 48 zinazodaiwa, na ili zilipike baada ya kutoa asilimia 30 ya uendeshaji kila mmoja alitakiwa alipe karibu laki tatu na nusu. Mwenye mbwa mzima akiona bei hiyo anaondoka, wanabaki wagonjwa watupu, bei inapanda tena. Kampuni inafunga dirisha. Sio roho mbaya ya mtu yeyote, ni hesabu tu.

Ongeza na hili la ugonjwa wa kupe ambalo kwa Dar ni kubwa kuliko watu wanavofikiri. Kipengele cha "ugonjwa uliokuwepo kabla" Ulaya kinamkuta mbwa mmoja mmoja, hapa kitamkuta karibu kila mbwa anayelala nje, maana ni wangapi hawajawahi kutibiwa kupe hata mara moja? Kampuni ikiamua kuwa mkali, mbwa wako akiishiwa damu mwaka wa tatu wanakwambia hiyo ni muendelezo wa ile ya mwaka wa kwanza, hailipwi. Kampuni ikiamua kuwa laini, inafilisika. Na wengi hatuna rekodi hata za kubishana nao, dokta anakuja nyumbani na begi, anachoma sindano, anapokea hela, anaondoka, hujui alichoma nini na kadi haijaandikwa. Wengine tunaowaita dokta hata kwenye daftari la Baraza la Veterinari hawamo. Sheria ya Veterinari ipo tangu 2003 na inataka waliosajiliwa ndo watoe huduma, lakini ukiwa na mbwa anatapika jumapili jioni nani anauliza namba ya usajili. Bima itauliza, hilo lina uhakika.

Halafu kuna ile hoja inayopendwa kuliko zote na ndo dhaifu kuliko zote, kwamba bima ikija bei za kliniki zitashuka. Zishuke kwa lipi? Nenda Uingereza penyewe panapotajwa kila siku. Mamlaka yao ya ushindani, CMA, ilianza kuchunguza soko la huduma za vet mwaka 2023, mwaka uliofuata ikageuza kuwa uchunguzi rasmi, na ilichokuta ni kwamba bei zilipanda asilimia 63 kati ya 2016 na 2023, juu kabisa ya mfumuko wa bei wa kawaida. Hii ni nchi ambayo bima ya mbwa imezoeleka sana. Sisemi bima peke yake ndo ilipandisha, kuna makampuni makubwa yalinunua kliniki ndogo ndogo mpaka yakamiliki karibu asilimia 60 wakati mwaka 2013 yalikuwa na kama asilimia 10, kuna mashine mpya, kuna mishahara. Lakini anayesema bima inashusha bei inabidi aeleze kwanini kule haikushusha. Anayelipiwa na mwingine haulizi bei, na asiyeulizwa bei haipunguzi. Na Marekani mwaka 2024 kampuni ya Nationwide ilitangaza kutoendelea na bima za wanyama kama 100,000 hivi kwa sababu gharama za matibabu zimepanda mno. Fikiria umelipa miaka nane, mbwa ameshazeeka ana sukari, unapata barua kwamba mkataba hauendelei, na kampuni nyingine zote zinamuona mgonjwa. Kwahiyo hata aliye na bima hajamaliza safari.

Kuna kambi nyingine inayopinga bima kwa sababu ambayo siipendi, wale wa "mbwa ni mbwa bana, akifa unachukua mwingine." Nawajibu haraka tu maana hawanipi shida. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtwisha anayefuga mnyama wajibu wa kumtunza na kutomwacha ateseke, kwahiyo kumwacha mbwa anaharisha damu uani siku nne mpaka akate sio uamuzi wa kiuchumi tu. Na hata kwa uchumi wenyewe, mbwa wa ulinzi aliyefunzwa, anayejua watoto wa nyumba na anayejua mgeni, huwezi kumpata kesho asubuhi. Kingine, mtaa ambao watu wamezoea kutohangaika na mbwa ndo mtaa ambao chanjo ya kichaa cha mbwa inasahaulika, na pale bili inahamia kwa binadamu, mtoto akishang'atwa sindano zake zinakuja kulipwa na mzazi ambaye hata mbwa hana.

Basi tufanye nini na bili inayokuja bila hodi? Kwangu kitu cha kwanza ni kutenganisha hela ya mbwa na hela ya nyumba, kwa jina lake kabisa. Elfu 30 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka, ukiiacha mwaka wa pili unaikuta imefika mahali ambapo bili nyingi za kawaida za hapa mjini unazikabili bila kumpigia mtu simu. Iweke mahali inapotoka kwa siku chache lakini haitoki kwa kubonyeza tu, Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ile taasisi ya uwekezaji wa pamoja, unafaa, kikoba kinafaa kama kikoba chenyewe kina mfuko wa dharura na wanachama hawatakucheka ukisema ni ya paka. Kabla ya hiyo akiba lakini kuna chanjo, dawa ya kupe na kumfunga kizazi jike usiyetaka azae, kwa sababu shilingi inayoingia hapo inafuta bili kubwa kabla haijaandikwa, na hii ndo sehemu inayochosha watu kusikia kwa sababu haina picha ya kuposti. Usiku wa dharura usikope kwenye zile aplikesheni, mikopo kausha damu, ile ya riba kubwa, imeshawatoa watu roho kwa mambo ya maana kuliko haya, na mwaka 2024 Benki Kuu, BoT, ilitoa orodha ndefu ya zisizo na leseni.

Na ongea hela na dokta. Sijui kwanini Wabongo tunaopatana bei ya nyanya mpaka dakika ya mwisho tukifika kwa vet tunakuwa mabubu. Omba makadirio kwa maandishi kabla hajaanza, kiwango cha chini na cha juu. Muulize kipi lazima leo na kipi kinaweza kusubiri majibu ya damu. Muulize kama kuna njia ya pili ya bei nafuu na inampunguzia mnyama nafasi kiasi gani, maana vet mzuri karibu kila mara ana njia mbili kichwani, anakuanzia na ile bora sababu hajui mfuko wako. Ukimwambia mapema "dokta nina laki mbili na nusu, nyingine mwisho wa mwezi" anakupangia ndani ya hapo. Ukimwambia baada ya bili kuandikwa mnagombana, halafu unakuja kwenye grupu kumchafua. Na kabla hujapata shida, siku mbwa akiwa mzima, piga simu kliniki mbili tatu ulizia kumuona daktari usiku ni bei gani, kulaza kwa siku ni bei gani, andika. Ni dakika kumi.

Kuna wachache ambao bado bima inawafaa, mfano mtu anayehamahama na mnyama wake nchi na nchi, au mwenye mbwa wa mamilioni anayejulikana kwa magonjwa ya kurithi. Na hapa nyumbani bidhaa ya matibabu ikija siku moja, ningependa ianze na ajali na sumu peke yake, kwa sababu kugongwa na kurushiwa nyama ya sumu hakuna mtu anaweza kuvipanga ili adai, bei yake itakuwa ndogo na itaachia homa za kupe zibaki kwenye akiba yako. Ukiletewa mkataba, acha kusoma ukurasa wenye picha, nenda kwenye yasiyolipwa. Tafuta umri ambao wanaacha kupokea au kuongeza bei. Angalia kama kikomo ni cha mwaka au cha kila ugonjwa, maana ikiwa ni cha ugonjwa na ugonjwa ni wa kudumu, kikiisha kimeisha. Angalia kama goti la kushoto likiumwa kabla ya bima na la kulia wanalihesabu limeshaumwa, hiki kipengele kipo kwenye mikataba mingi ya nje na kinashangaza watu. Angalia masharti ya chanjo, ukiruka mwaka mmoja wengi wanapata sababu ya kukataa. Uliza wanalipa kliniki moja kwa moja au wanakurudishia.

Nina wasiwasi zaidi na kitu kingine ambacho naona kitatangulia kufika kabla ya bima yenyewe, kliniki kuuza uanachama. Unalipa kila mwezi, unapata chanjo, dawa ya minyoo, kukatwa kucha, hapo sina neno, umelipia huduma kwa awamu na unajua umenunua nini. Lakini siku kliniki ikianza kusema "lipa elfu arobaini kwa mwezi na mbwa akiumwa tutamtibu chochote," hiyo sio awamu tena, wamebeba hatari yako kwa malipo, na kubeba hatari za watu kwa malipo ni biashara ya bima, inayotakiwa kuwa na mtaji na kusimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Kliniki yenye madokta wawili na jenereta haina huo mtaji. Parvo ikipita mtaa mzima msimu mmoja, wanachama arobaini wakaja wiki moja, atakayepewa dripu ni aliyewahi foleni. Kwahiyo ukiona tangazo la namna hiyo kwenye grupu uliza maswali mawili kabla ya kutuma hela, nani amesajiliwa kubeba hii ahadi, na kliniki ikifungwa kesho hela yangu iko kwenye akaunti ya nani. Nimeshaanza kuyauliza mimi, bado nasubiri majibu.